Dawa inapozaa dawa: Swali ambalo mgonjwa wa moyo haulizi

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hata hivyo, pana mahali ambapo Mkenya aliyesoma na asiyesoma huona haya kuuliza, napo ni mbele ya daktari. Hupokea karatasi yenye majina ya dawa, akaenda dirishani kuchukua vidonge vyake, kisha akarudi nyumbani kuvimeza. Baada ya miezi miwili huongezewa kidonge cha pili, na kabla ya mwaka kwisha cha tatu na cha nne. Naye hushukuru akidhani kwamba wingi wa vidonge ni dalili ya kushughulikiwa vyema.

Makala haya yanahusu swali moja ambalo mgonjwa huyo hakuliuliza, na ambalo aghalabu hata anayemtibu huwa hakuliuliza: Je, dalili hii mpya imeletwa na ugonjwa, au imeletwa na dawa?

Nitatumia mfano wa dawa za moyo na za shinikizo la damu. Hizi ndizo dawa ambazo humezwa kila siku, kwa miaka mingi, na watu ambao mara nyingi hawahisi maumivu yoyote siku wanapoanza kuzitumia. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne nchini ana shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hili basi ni jambo la kila nyumba. Ni jambo la walimu katika vyumba vyao vya mapumziko, na la nyanya na babu wa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu.

Msomaji ana haki ya kushangaa mwalimu wa isimu anatafuta nini katika duka la dawa. Jibu langu ni kwamba tatizo hili, ingawa linaonekana kuwa la kemia, kwa kiasi kikubwa ni tatizo la mazungumzo. Na mazungumzo ni shamba letu sisi watu wa lugha.

Mnyororo wa vidonge

Natuchukulie mfano wa mwalimu mstaafu ambaye amepimwa na kupatikana na shinikizo la juu. Simzungumzii mtu fulani, bali nautumia mfano huu kueleza jinsi mambo yanavyoweza kwenda. Anaandikiwa amlodipini, dawa ambayo imeenea sana humu nchini, na kwa sababu nzuri. Dawa hii huzuia kalsiamu kuingia katika misuli iliyo kwenye kuta za mishipa ya damu. Misuli hiyo hulegea, mishipa hupanuka, nalo shinikizo hushuka.

Tatizo ni kwamba mishipa inayopanuka zaidi ni ile midogo inayopeleka damu, ilhali ile inayoirudisha damu moyoni haipanuki kwa kiwango hicho. Damu huingia kwa wingi katika vijishipa vyembamba vya miguuni kuliko inavyotoka. Majimaji huvuja na kukaa katika nyama, nayo miguu huvimba kwenye vifundo, hasa jioni.

Hali hii hutegemea sana kipimo cha dawa. Katika majaribio ambayo matokeo yake yameandikwa kwenye maelezo rasmi ya dawa hii, uvimbe uliwapata takriban watu 3 katika kila 100 waliotumia miligramu 5 kwa siku. Kwa waliotumia miligramu 10, idadi hiyo ilikaribia 11 katika kila 100. Miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, haikufika hata mmoja katika 100.

Mstaafu wetu anarudi hospitalini. Anasema, "Daktari, miguu inavimba." Siku hiyo amempata mhudumu mwingine, foleni ni ndefu, na faili yake haionekani. Anaandikiwa furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo. Dawa hii ni muhimu mno kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu na mwili ukajaa maji. Lakini mwili wa mstaafu wetu haukujaa maji. Maji yake yamekaa tu mahali pasipofaa, kwa sababu ya mabadiliko ya mishipa. Kwa hivyo uvimbe haupungui sana, ila sasa anaamka usiku mara tatu kwenda msalani, tena gizani, na kwa umri wake kuanguka si jambo dogo.

Furosemidi humwondolea mtu potasiamu pamoja na mkojo, kwa hivyo anaongezewa vidonge vya potasiamu. Pia huweza kupandisha kiwango cha asidi ya yuriki katika damu, nayo asidi hiyo huleta jongo. Siku moja kidole gumba cha mguu kinawaka moto. Anakwenda duka la dawa la mtaani na kununua diklofenaki. Maumivu yanatulia, lakini tumbo linaanza kumchoma, anaongezewa omeprazoli.

Ajabu ya mkasa huu iko mwishoni. Diklofenaki na jamaa zake, kama vile ibuprofeni, huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hupunguza nguvu ya furosemidi, huweza kuumiza figo, na huweza kupandisha shinikizo la damu. Mstaafu anapopimwa tena, shinikizo limepanda. Basi kipimo cha amlodipini kinaongezwa kutoka miligramu 5 hadi 10. Miguu inavimba maradufu.

Mnyororo umezunguka na kufika pale pale ulipoanzia. Mtu aliyeingia na ugonjwa mmoja na kidonge kimoja sasa ana vidonge vitano na magonjwa manne. Kila aliyemhudumia alifanya jambo ambalo, likitazamwa peke yake, lina mantiki, na hakuna aliyekusudia kumdhuru. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, "Uvimbe huu ulianza lini, na dawa hii uliianza lini?" Swali hilo lingeulizwa mapema, pengine kipimo kingepunguzwa, au angebadilishiwa dawa, au angeongezewa dawa ya jamii nyingine ambayo hupunguza uvimbe wa aina hii.

Kikohozi kisichotibika

Mfano wa pili ni mfupi, lakini katika nchi yetu una uzito wa pekee. Kuna jamii ya dawa za shinikizo na za moyo ambamo mna enalaprili, kaptoprili na lisinoprili. Ni dawa zilizookoa maisha ya watu wengi wenye moyo dhaifu. Pamoja na kazi hiyo, huzuia kuvunjwavunjwa kwa kemikali fulani mwilini, nayo ikirundikana hukereketa njia ya hewa. Baadhi ya wagonjwa hupata kikohozi kikavu, cha kukera, kisichotoa makohozi. Huweza kuanza siku chache baada ya dawa kuanzwa, au miezi kadhaa baadaye.

Hapa kwetu mtu akikohoa kwa wiki tatu, hofu ya kwanza ni kifua kikuu, na ni hofu ya haki. Lakini wapo wanaopimwa makohozi, wakapigwa picha ya kifua, wakapewa viuavijasumu duru mbili na chupa kadhaa za dawa ya kikohozi, kabla ya yeyote kukumbuka kuuliza wanameza nini kila asubuhi. Dawa hiyo ikibadilishwa, tuseme kwa losartani, kikohozi kwa kawaida huisha katika muda wa wiki chache.

Sayansi yenyewe iliuliza

Isidhaniwe kwamba haya ni malalamiko ya watu wasiopenda dawa za hospitalini. Waliolipa jambo hili jina ni madaktari wenyewe. Katika miaka ya 1990, Paula Rochon na Jerry Gurwitz waliandika katika majarida ya tiba kuhusu jinsi athari ya dawa inavyodhaniwa kuwa ugonjwa mpya, na dawa nyingine ikaandikwa kuutibu. Waliifananisha hali hiyo na maporomoko ya maji, yanayoanguka kutoka ngazi moja hadi nyingine. Mwaka 2020, uchunguzi uliofanywa Ontario, Kanada, juu ya wazee wenye shinikizo la damu ulionyesha kwamba walioanzishiwa dawa za jamii ya amlodipini waliishia kuandikiwa dawa ya kuongeza mkojo mara nyingi zaidi kuliko walioanzishiwa dawa nyingine za shinikizo. Kumbe kisa cha mstaafu wetu si cha kubuni tu.

Aidha, historia ya tiba ya moyo ina funzo kali zaidi. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba waliopata shambulio la moyo, kisha wakawa na mapigo ya ziada yasiyo na mpangilio, walikuwa katika hatari kubwa ya kufa ghafla. Zikapatikana dawa za kuyatuliza mapigo hayo, zikiwemo enkainidi na flekainidi. Mantiki ilionekana wazi: ukiyatuliza mapigo utazuia kifo. Dawa zikaandikwa kwa wingi.

Katika jaribio kubwa lililoanza nchini Marekani mwaka 1987, watafiti walithubutu kuuliza kama ni kweli. Mwaka 1989 sehemu ya dawa hizo mbili ilisimamishwa kabla ya wakati. Miongoni mwa wagonjwa 755 waliopewa dawa, walikufa 63. Miongoni mwa 743 waliopewa kidonge kisicho na dawa, walikufa 26. Mapigo yalitulia kweli, lakini watu walikufa zaidi.

Tangu hapo hakuna mwanasayansi makini anayeweza kusema kwamba kuihoji dawa ya moyo ni utovu wa adabu. Kuhoji ndiko kulikookoa watu.

Lugha yetu na dawa

Sasa nirudi kwenye shamba langu. Tazama jinsi tunavyosema tunapougua. Tunasema homa imenishika, presha imenipanda, kikohozi kimenibana. Ugonjwa ndio mtenda, nasi ndio watendwa. Tunaposema miguu inavimba, tunatumia kitenzi kisichodai mtu wala kitu cha kulaumiwa. Uvimbe unatokea tu, kama mvua inavyonyesha.

Kiswahili kina kauli ya kutendesha, ambayo kila mwanafunzi wa shule ya upili ameifanyia zoezi. Kutokana na vimba tunapata vimbisha, kutokana na kohoa tunapata kohoza. Lakini ni mara ngapi tumemsikia mgonjwa akisema, "Dawa hii inanivimbisha miguu"? Ni nadra. Silabi moja ile ingeyageuza mazungumzo yote, kwani ingemlazimu mhudumu aitazame dawa badala ya kutafuta ugonjwa mpya.

Sababu ya unadra huo, kwa maoni yangu, imo katika neno dawa lenyewe. Katika Kiswahili neno hili limebeba sifa njema tupu. Dawa ya deni ni kulipa, husema watu, na dawa ya moto ni moto. Dawa ni suluhisho. Wagiriki wa kale walikuwa na neno moja, pharmakon, lililomaanisha dawa na pia sumu. Hata sheria yetu ilikumbuka jambo hilo, kwa kuwa chombo kinachosimamia dawa nchini kinaitwa Bodi ya Dawa na Sumu. Lakini katika mazungumzo yetu ya kila siku tumevitenga viwili hivyo kana kwamba haviwezi kukaa chupa moja.

Kisha lipo suala la istilahi. Wengine husema madhara ya dawa, wengine athari za dawa, wengine athari za kando. Tafsiri hii ya mwisho inapotosha kidogo. Mwili haujui kilicho kando na kilicho katikati. Amlodipini hupanua mishipa, basi. Kupanuka huko kunaposhusha shinikizo tunakuita tiba, na kunapojaza maji kwenye vifundo tunakuita kando. Kazi ni ile ile moja, ila majina ndiyo mawili. Mwanafunzi akilielewa hili, hatashangaa tena kwamba dawa nzuri inaweza kumsumbua mtu.

Na je, maelezo ya dawa yenyewe humfikia mgonjwa kwa lugha gani? Ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nane ndani ya pakiti mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Tena wengi hawaioni, kwa kuwa vidonge huhesabiwa na kutiwa katika bahasha ndogo iliyoandikwa 1x3 au 2x1. Huo ni mwandiko usio na kitenzi, usio na jina la ugonjwa, usio na onyo. Katika nyumba nyingi anayetakiwa kuufasiri ni mtoto wa gredi ya sita.

Sheria haikunyamaza juu ya haya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata maelezo anayoyahitaji. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema kwamba mgonjwa aelezwe, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Haki ipo kwenye vitabu. Kinachokosekana ni mazoea ya kuidai.

Tahadhari

Ni lazima niseme jambo moja kwa sauti kubwa, nisije nikaeleweka vibaya. Kuuliza juu ya dawa si kuacha dawa. Shinikizo la juu lisilotibiwa huleta kiharusi, huharibu figo na hudhoofisha moyo, na hufanya hivyo kimyakimya. Baadhi ya dawa za moyo, kama vile atenololi na propranololi, zikiachwa ghafla huweza kuleta hatari kubwa kuliko ile iliyokimbiwa.

Vilevile si kila uvimbe wa miguu huletwa na amlodipini. Moyo ulioshindwa, figo mbovu, ini au damu iliyoganda mguuni huweza kuleta uvimbe. Ndiyo maana nasema tuulize, sisemi tujijibu.

Wala amlodipini si adui. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi sita za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwa mojawapo, na Profesa Elijah Ogola wa Chuo Kikuu cha Nairobi akiwa miongoni mwa waliouongoza. Uligundua kwamba michanganyiko miwili ya dawa iliyokuwa na amlodipini ilishusha shinikizo la damu vizuri zaidi kuliko mchanganyiko ambao haukuwa nayo. Dawa inayotufaa hivyo inastahili kutumiwa kwa akili, ili mtu asije akaikimbia kwa sababu ya uvimbe ambao ungeondolewa kwa kubadilisha kipimo.

Kazi ya walimu

Basi tufanye nini? Wahudumu wa afya wana wajibu wao, nao ni kuiweka dawa katika orodha ya washukiwa kila dalili mpya inapojitokeza. Wana pia wajibu wa kuripoti. Bodi ya Dawa na Sumu hupokea ripoti za madhara ya dawa kutoka kwa wahudumu na hata kwa wananchi, na tangu mwaka 2010 Kenya ni mwanachama wa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara hayo. Lakini ripoti huanzia kwenye kinywa cha mgonjwa. Asiposema, hakuna cha kuripoti.

Sisi walimu nasi tuna wajibu, na sidhani kwamba ni mdogo. Masomo ya Kiswahili yana ufahamu, insha na mazungumzo ya kuigiza. Kwa nini kifungu cha ufahamu kisiwe karatasi ya maelezo ya dawa iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu na chepesi? Kwa nini wanafunzi wasiigize mgonjwa na daktari, na kauli ya kutendesha ikafunzwa humo? Vyuo vikuu vinavyofunza tafsiri vina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Maelezo ya dawa 20 zinazotumiwa sana na wagonjwa wa moyo yangeweza kutafsiriwa na wanafunzi hao wakishirikiana na wenzao wa famasia.

Nyumbani, mwanafunzi anayeweza kusoma anaweza kufanya jambo rahisi. Amwandikie nyanya yake orodha ya dawa zote anazomeza, pamoja na zile za kununua dukani na za mitishamba, na mbele ya kila moja aandike tarehe ilipoanzwa. Chini yake aandike dalili zinazomsumbua, na tarehe zilipoanza. Siku ya kliniki, orodha hiyo na dawa zenyewe zitiwe katika mfuko mmoja zikawekwe mezani mwa daktari.

Halafu yaulizwe maswali matatu: Dawa hii ni ya nini? Je, tatizo hili jipya laweza kuwa limeletwa na mojawapo ya dawa hizi? Na je, kabla ya kuongeza nyingine, ipo ya kupunguza au kubadilisha?

Daktari mzuri hatachukizwa na maswali hayo, kwa sababu yanamsaidia kazi. Atazitazama tarehe zile mbili zikiwa sambamba, na pengine ataona kwa dakika moja kile ambacho faili iliyopotea ilikificha kwa miaka miwili. Hilo si muujiza wa tiba. Ni sentensi iliyoulizwa wakati wake, kwa lugha ambayo mwulizaji na mwulizwa wote wanaielewa.